Homa Mbili Nyumba Moja

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo itikieni mwanzo na mwisho, hapo katikati parukeni, maana uongo wangu ni mdogo sana. Nimewabuni watu wa nyumba moja tu, jirani yao, na nesi wa zahanati ya kijiji chao. Mito, wilaya, miaka, vimelea na vipimo ni vya kweli, na anayebisha akamuulize mwalimu wa sayansi.

Mtoto wetu anaitwa Bukuru. Ana miaka saba, na ni pacha: yeye alitangulia, nduguye Butoyi akafuata. Wanaishi na bibi yao Ngara, ile kona ya Mkoa wa Kagera ambako mto Ruvubu unaingia kutoka Burundi na kukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ng'ambo ya daraja la Rusumo ni Rwanda. Ukielekea mashariki unaingia Biharamulo, wilaya ya misitu, ya boma la zamani la Wajerumani, na ya dhahabu. Hiyo dhahabu iwekeni akilini, tutaihitaji mbele.

Huko kote ni nchi ya vilima, migomba na mabonde yenye maji, na palipo na maji ya kutuama pana mbu. Mwaka 2017 watoto wa chini ya miaka mitano walipopimwa malaria nchi nzima, watoto 7 hivi katika kila 100 walikutwa na vimelea. Kagera walikuwa 15, mara mbili ya wastani wa taifa. Na msidhani wote hao walikuwa wamelala kitandani wakitetemeka. Mtoto aliyezaliwa na kukulia penye malaria nyingi huweza kubeba vimelea kidogo mwilini huku anacheza mpira kama kawaida. Jambo hili lina ujanja wake, na ndilo litakalotusumbua baadaye.

Basi, Julai 2021. Korona imeshaingia mwaka wake wa pili. Tanzania ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, 2020, Arusha, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Watoto wa shule za msingi walikaa nyumbani mpaka mwishoni mwa Juni. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, hesabu ya wagonjwa ilipofika 509, takwimu zikaacha kutolewa, zikakaa kimya zaidi ya mwaka. Mwezi huu wa Julai ninaousimulia ndio Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, tarehe 28, na chanjo zikaanza kwenda mikoani.

Asubuhi moja Bukuru akaamka meno yanagongana. Jua limeshatoka, yeye anavuta blanketi. Kichwa kinamuuma, viungo vinamuuma, uji hautaki. Bibi akamshika paji la uso.

"Huyu ana malaria," akasema. "Butoyi, nenda kamwite mama Joeli atusaidie kumbeba, tumpeleke zahanati."

Mama Joeli akaja, lakini akasimama mlangoni na kanga kaziba pua. "Bibi, zahanati siku hizi? Huko ndiko wanakorundikana wagonjwa wa korona. Utampeleka na homa moja arudi na mbili. Mfukize kwanza. Mwarobaini ninao, malimau ninayo."

Msimcheke mama Joeli. Woga wake walikuwa nao watu wengi, hapa kwetu na duniani kote. Ebola ilipozipiga Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, watu walizikimbia hospitali, na wapo waliokufa kwa malaria ambayo dawa yake ilikuwepo umbali wa mwendo wa mguu. Lakini bibi wa Bukuru ni mbishi. Alimfunga mtoto mgongoni mwenyewe, akaondoka, akikohoa njia nzima. Hicho kikohozi nacho kiwekeni akilini.

Wakati wanatembea, niwaulize: bibi alijuaje kuwa ni malaria? Alishika paji la uso tu. Paji la uso lilimwambia kuna joto, na joto halisemi limetoka kwa nani.

Sikilizeni namna homa inavyokuja. Wengi hufikiri mdudu wa ugonjwa ndiye anayetuchemsha. Sivyo. Ni mwili wenyewe unaowasha moto. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga joto la mwili likae karibu na nyuzi 37. Askari wa mwili wakigundua mgeni, hupeleka ujumbe huko, na ubongo hupandisha kiwango: sasa tunataka 39. Kwa kuwa mwili bado uko 37, unajiona uko baridini, misuli inaanza kutetemeka ili itengeneze joto. Ndiyo maana Bukuru alivuta blanketi jua likiwaka. Mgeni akiwa kimelea cha malaria, moto ni huo. Akiwa kirusi cha korona, moto ni huo huo. Mwili una jiko moja tu.

Mpakani Rusumo na Kabanga wakati ule watu walipimwa joto kwa kile kidude cha kuelekezea kwenye paji la uso. Kilikuwa na faida yake, sikatai. Lakini dereva wa lori mwenye malaria na dereva mwenye korona wangekifanya kilie sawasawa, na dereva mwenye korona isiyo na homa angepita akisalimia. Kipimajoto hupima joto, basi.

Twende zahanati. Ndoo ya maji tiririka ipo mlangoni, wananawa. Nesi kavaa barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Shikamoo bibi. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu ana malaria, nipe dawa mseto nirudi, nimeacha moto jikoni."

"Tutampima kwanza bibi. Bukuru, lete kidole."

Bukuru, kwa sauti ndogo: "Shikamoo daktari." Nafikiri alitumaini kwamba mtoto mwenye adabu hachomwi. Akachomwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kile kipimo kidogo cha plastiki, ambacho hospitalini wanakiita mRDT na nyumbani tunakiita cha kidole, ni kitu cha ajabu kuliko simu ya mkononi. Nesi alichukua tone la damu dogo mno, akaliweka kwenye tundu, akadondosha juu yake maji maalumu. Maji yale hupasua chembe nyekundu za damu. Na mnajua nani kajificha ndani ya chembe zile? Kimelea cha malaria. Mbu jike aina ya anofelesi akimuuma mtu, vimelea hukimbilia kwanza kwenye ini, hukaa huko kama wiki moja vikiongezeka, halafu vinatoka na kuingia kwenye chembe nyekundu. Humo vinakula, vinazaana, vinapasua chembe, vinahamia nyingine, na kila mzunguko huchukua kama saa 48. Aina ya malaria inayotawala kwetu, falsiparumu, huacha kwenye damu protini yake ambayo wataalamu wanaiita HRP2. Hiyo ndiyo inayotafutwa. Kipimo hakimtafuti kimelea mwenyewe, kinatafuta alama aliyoiacha.

Damu iliyopasuliwa inanywewa na ukanda wa karatasi, inatambaa taratibu. Njiani inakutana na kingamwili zilizotengenezwa kiwandani ili zikamate HRP2 na si kitu kingine. Na kila kingamwili imebebeshwa punje ya dhahabu. Ndiyo, dhahabu! Ile ile inayochimbwa Biharamulo kwenye mgodi wa Stamigold, ingawa hii ya kipimo imesagwa ndogo hivi kwamba imeacha kuwa njano, imekuwa nyekundu ya zambarau. HRP2 zikikamatwa zinasafiri pamoja na dhahabu yao mpaka kwenye mstari wenye herufi T, zinanaswa hapo, dhahabu inarundikana, na macho yetu yanaona mstari. Kwa hiyo kila mgonjwa wa malaria aliyewahi kuonyeshwa mistari miwili ameonyeshwa dhahabu. Sijui kwa nini hawatuambii hilo tukiwa tunalia.

Mstari wa pili una herufi C. Huo lazima utokee kila mara, mgonjwa awe na malaria au asiwe nayo. Usipotokea, kipimo kimeharibika, kinatupwa. Ni kipimo kinachojipima chenyewe, na mimi naupenda mstari huo kuliko ule wa T. Wakubwa wenu watakumbuka mambo ya Mei 3, 2020, kule Chato, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi ya majibu yakarudi kuwa zina korona. Kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa kilikataa kwamba vipimo vyenyewe ndivyo vibovu. Ubishi ule uliwagawa watu, na sitauamua leo. Ila swali la kuanzia ni zuri na wanasayansi wanalijua siku zote: ukipima kitu unachojua hakina ugonjwa, kipimo kinasema nini? Kikisema "upo", kazi ndipo inaanza. Je, sampuli ilichafuka mezani? Iligusana na nyingine? Mashine? Dawa za kupimia? Mtu? Huwezi kujua mpaka ufuatilie hatua moja moja.

Dakika 15 zikapita. Mistari miwili.

"Si nilikwambia," bibi akasema, akaanza kukunja kanga aondoke. Akakohoa.

Nesi hakumpa dawa akaishia hapo. Na hapa, wajukuu zangu, ndipo penye kiini cha hadithi. Kipimo hujibu swali uliloliuliza tu. Mwalimu akiingia darasani akaita "Bukuru!", na Bukuru akaitika, mwalimu amejua Bukuru yupo. Kuhusu Butoyi hajajua chochote. Mistari miwili ilisema: kwenye damu ya mtoto huyu kuna alama ya malaria. Haikusema korona haipo. Na kumbukeni wale watoto 15 katika 100. Penye vimelea vingi, mtoto anaweza kuwa amebeba malaria kidogo inayolala, huku kinachomchemsha siku hiyo ni kitu kingine kabisa. Malaria inaitikia jina lake kwa sauti, nyingine inakaa kimya nyuma ya darasa.

Kwa hiyo nesi akauliza maswali ambayo plastiki haiwezi kuuliza. Mtoto anakohoa? Hapana. Anapumua haraka? Akamfunua shati, akatazama kifua kinavyopanda, akahesabu. Hapana. Amewahi kumeza dawa ya malaria siku za karibuni? Hili ni swali muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa na kupona mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili kwa mambo yaliyokwisha. Hapo ndipo hadubini inapohitajika. Mtaalamu wa maabara anapaka damu kwenye kioo, anaipa rangi ya Giemsa, anaikuza mara 1,000, na kimelea anamwona kwa macho, pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu.

Mtauliza, kwa nini basi wasimtazame na korona kwa hadubini hiyo hiyo? Kwa sababu ya udogo. Pangeni chembe nyekundu za damu 100 kwenye mstari, hazifiki milimita moja, na kimelea anakaa ndani ya moja. Lakini virusi vya korona vinatakiwa kama 10,000 ndipo mfike milimita hiyo. Mwanga wenyewe unaotumika kwenye hadubini ya kawaida ni mnene mno kuvionyesha. Kirusi hutafutwa kwa alama zake, ama kwa kijiti cha puani na ukanda wa karatasi wenye dhahabu, ama kwa mashine inayozidisha chembe zake za urithi mpaka zionekane. Mwaka 2020 mlipuko ulipoanza, sampuli za nchi nzima zilipelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam, na kutoka Ngara huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Malaria ilijibu kwa dakika 15 chini ya mti wa zahanati. Mkiona watu walirudia kusema "ni malaria tu", jueni pia kwamba malaria ndiyo iliyokuwa na kipimo karibu.

Bukuru hakuwa amemeza dawa yoyote. Nesi akaandika dawa mseto, siku tatu, asubuhi na jioni, amalize hata akipata nafuu mapema. Halafu akamgeukia bibi.

"Na wewe bibi, kikohozi kimeanza lini?"

"Hiki? Vumbi tu. Na moshi."

"Chakula unakisikia harufu?"

Butoyi, aliyekuwa amewafuata nyuma bila kuitwa, akadakia. "Bibi jana aliunguza dagaa mpaka jirani akaja, yeye hajasikia!"

Bibi alimtazama Butoyi jicho ambalo nyote mnalijua. Lakini nesi alishasogeza kiti chake nyuma, akampa bibi barakoa, akaandika barua ya rufaa aende hospitali ya wilaya akapimwe. Akapimwa. Ilikuwa korona.

Nyumba moja, homa mbili. Na angalieni magonjwa haya yalivyopishana. Malaria humwonea mtoto. Bibi aliyeumwa na mbu miaka sitini mwili wake umejifunza kuizuia isimuue kirahisi, lakini mtoto wa miaka miwili inaweza kumwondoa kwa siku moja au mbili. Korona ilifanya kinyume, watoto wengi iliwapitia kwa mafua tu, wazee ikawaziba pumzi. Kama bibi angebaki nyumbani kwa kuogopa korona, Bukuru ndiye angelipia. Kama nesi angeridhika na mistari miwili, bibi angerudi kukaa chumba kimoja na wazee wenzake wa msiba au wa kanisani, akawagawia.

Duniani hesabu ilikuwa kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 malaria iliua watu 627,000, yaani 69,000 zaidi ya mwaka uliotangulia. Theluthi mbili ya ongezeko hilo ilitokana na huduma kuvurugika: vyandarua vilivyochelewa, vipimo vilivyokosekana, wagonjwa walioogopa kutoka nyumbani. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa Afrika wa umri wa chini ya miaka mitano. Kirusi cha korona sicho kilichowaua watoto hao.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Tulipopata kipimo cha kidole tulianza kuisahau hadubini, na hadubini ina tabia ya kuonyesha hata usichokitafuta. Biharamulo, enzi za Waingereza, ilijulikana kwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o wa misituni. Nao huanza na homa na kichwa. Mtaalamu aliyekuwa anatafuta malaria kwenye kioo aliweza kushtuka anaona mdudu mwingine, mrefu, anajinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Ukanda wa karatasi hauwezi kushtuka. Haujui jina jingine zaidi ya lile uliofundishwa.

Hadithi yangu ingeishia hapo kama Kagera ingepumzika. Haikupumzika. Machi 2023 kirusi cha Marburg, ndugu wa Ebola anayebebwa na popo wa mapangoni, kiliibuka Bukoba Vijijini. Wakaugua watu 9, wakafa 6. Kisha kikaja Biharamulo kwenyewe. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna watu wanaoshukiwa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Januari 20, Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Safari hii sampuli haikuanza kwa kusafiri kilomita 1,000. Ilipimwa kwanza Kabaile, maabara inayohamishika iliyowekwa huko huko Kagera, ndipo Dar es Salaam ikathibitisha. Sampuli nyingine 25 hazikuwa na kirusi. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, waliothibitishwa walikuwa 2, na wengine 8 walihesabiwa kuwa yaelekea walikuwa nao. Wote 10 walikufa.

Marburg huanza vipi? Homa ya ghafla, kichwa, viungo, udhaifu. Mtu wa Biharamulo akiamka hivyo atasema nini? Mmeshajua atasema nini.

Na hapa nesi wetu anapata taabu mpya ambayo korona haikumpa. Korona ilikaa puani na kifuani, na damu ya kidoleni ya Bukuru haikumtisha mtu. Marburg inakaa kwenye damu. Tone lile lile dogo, lile la mistari miwili, linaweza kumuua anayelichukua. Mwaka 2014, Ebola ilipoenea Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri ambao ungemshangaza kila mwalimu wa maabara: mahali ambapo wahudumu hawana mavazi kamili ya kujikinga, waache kuchoma vidole, na kila mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kupimwa. Kama ni malaria, atapona. Kama homa haishuki baada ya dawa, aangaliwe upesi kwa ugonjwa ule mwingine. Dawa yenyewe ikawa ndiyo kipimo, na mwenye kujibu akawa ni mgonjwa, siku ya pili au ya tatu, kwa kupoa au kwa kutopoa.